Sauti Zilizodondoka: Historia ya Sikio katika Ufundishaji wa Kiingereza Kisarawe na Kibaha

Kata ya Pangani iliyo katika Mji wa Kibaha, ambayo haipaswi kuchanganywa na mji wa kale wa Pangani ulioko mlangoni mwa mto wa jina hilo mkoani Tanga, imo katika ukanda wa Mkoa wa Pwani wenye historia nzito ya elimu kuliko wasafiri wengi wa Barabara ya Morogoro wanavyodhani. Katika ukanda huo iko Minaki, wilayani Kisarawe, ambako Wamisheni wa Kianglikana walijenga chuo chao mashuhuri, na iko pia Kibaha yenyewe, ambako nchi za Nordiki zilijenga kituo cha elimu mara tu baada ya uhuru. Kiingereza kimefundishwa katika shule za ukanda huo kwa takriban miaka mia moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kimefundishwa kama lugha ya kusomwa na kuandikwa, huku usikilizaji ukiachwa ujitokeze wenyewe. Matokeo yake yanaonekana zaidi pale mwanafunzi aliyefaulu mitihani ya maandishi anapokutana na mzungumzaji wa Kiingereza anayesema kwa kasi yake ya kawaida, akashindwa kuyatambua maneno ambayo angeyasoma bila shida, kwa sababu sehemu ya sauti alizozitarajia hazikutamkwa kabisa.

Wanaisimu huliita jambo hilo udondoshaji, yaani kuachwa kwa sauti fulani ya neno katika mazingira maalumu, ama kwa sababu sauti hiyo imebanwa kati ya nyingine zilizo ngumu kutamkwa kwa mfululizo, ama kwa sababu imo katika silabi isiyobeba mkazo, mkazo ukiwa ni nguvu ya ziada inayowekwa juu ya silabi moja ya neno. Katika Kiingereza, sauti t na d ndizo hudondoka mara nyingi zaidi zinapojikuta katikati ya konsonanti nyingine, kiasi kwamba maneno next day hutamkwa kana kwamba yameandikwa neks day, na last night husikika kama las night. Sauti h ya he, him na her hupotea maneno hayo yanapokaa katikati ya sentensi bila mkazo, neno and hubakia n peke yake, na irabu za katikati ya maneno kama family, history na vegetable humezwa, hivyo neno ambalo kwa macho lina silabi tatu au nne hubaki na mbili au tatu. Hakuna uvivu wala uhuni wa lugha katika jambo hilo, kwa kuwa hata wasomi na wasoma habari wa Uingereza hudondosha sauti hizo wanapozungumza kwa utulivu, na mtu asiyezidondosha husikika kama anayesoma orodha.

Ili kuelewa kwa nini sikio la mwanafunzi wa Pwani halikuandaliwa kwa jambo hilo, ni lazima kurudi nyuma hadi Zanzibar. Wamisheni wa Vyuo Vikuu Afrika ya Kati, wanaojulikana zaidi kwa kifupi cha UMCA, waliwalea vijana waliookolewa kutoka utumwani katika chuo chao cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, na walichagua tangu mwanzo kuifanya lugha ya Kiswahili kuwa msingi wa mafundisho yao. Edward Steere, aliyekuwa askofu wao kuanzia 1874 hadi kufa kwake mwaka 1882, alikwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja, na katika kazi hiyo alionyesha usikivu wa hali ya juu kwa lugha ya wenyeji. Inafaa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu jitihada ya kusikiliza ilikwenda upande mmoja tu: Mzungu alikaa na wenyeji akaandika walivyosema, lakini kijana wa Kiungani alipofika kwenye Kiingereza alikutana nacho zaidi katika kurasa za vitabu vya dini, sarufi na hadithi.

Chuo hicho kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, mwaka 1925, na kikawa mojawapo ya shule zilizowatoa makarani, walimu, wauguzi na viongozi wa Tanganyika. Kisarawe haikuwa ngeni kwa shule, kwa kuwa Wamisheni Walutheri kutoka Ujerumani walikwisha kufungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na chini ya utawala wa Wajerumani Kiswahili ndicho kilichotumika katika shule na ofisi za chini. Kiingereza kiliingia kama lugha ya tatu ya utawala juu ya Wazaramo waliokuwa na lugha yao nyumbani na Kiswahili sokoni, na kiliingia kikiwa kimevaa vazi la kitabu, kwa sababu kazi iliyomsubiri kijana wa Minaki ilikuwa ya kuandika barua, kutunza daftari la hesabu, kusoma waraka na kufaulu mtihani uliosahihishwa na mtu ambaye hakuwahi kumsikia akisema.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likitokea ambalo liliimarisha imani ya mwanafunzi kwamba herufi na sauti ni kitu kimoja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusawazisha tahajia, yaani kanuni za kuendeleza maneno, kwa ajili ya vitabu vyote vya shule. Tahajia hiyo ni nzuri mno, na yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma anajua thamani yake, kwa kuwa kila herufi husomwa na karibu kila sauti huandikwa. Lakini wema huo una sababu ya kihistoria ambayo haikuelezwa darasani: tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilikazwa baada ya sauti nyingi za lugha kuwa zimekwisha kudondoka, kwa hiyo iliandika matokeo ya udondoshaji bila kuacha alama yoyote ya kilichopotea. Tahajia ya Kiingereza ilipitia njia ya kinyume. William Caxton alianzisha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, na maumbo mengi ya maneno yakaanza kugandishwa na wachapaji wakati k ya knee na l ya half zilikuwa bado zinatamkwa na Waingereza wengi, au zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kupotea, kisha lugha ya kinywani ikaendelea kubadilika huku karatasi ikibaki pale pale. Mwanafunzi aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili aliichukua kanuni ya haki ya lugha yake, kwamba kilichoandikwa hutamkwa, akaipeleka kwenye lugha ambayo kwa karne kadhaa imekuwa ikiandika visivyotamkwa.

Ushahidi kwamba hali ingeweza kuwa tofauti umo ndani ya Kiswahili chenyewe, katika maneno yaliyokopwa kutoka Kiingereza na watu ambao hawakupitia darasani. Neno kabati, ambalo huhusishwa na cupboard, halina alama yoyote ya herufi p iliyomo katika maandishi ya Kiingereza, kwa sababu Waingereza wenyewe waliacha kuitamka p hiyo zamani. Neno risiti nalo limeiacha p ya receipt, ambayo katika Kiingereza huandikwa bila kutamkwa, na neno picha linafanana zaidi na picture ya mtu anayeongea haraka, ambaye k yake husikika kwa shida au haisikiki kabisa, kuliko picture inayosomwa herufi kwa herufi. Watu walioyaleta maneno hayo katika lugha walikuwa wapagazi wa bandarini, watumishi wa majumbani, makuli wa reli, askari na wauza duka, ambao walikopa walichosikia, kisha wakakivika umbo la Kiswahili kwa kuongeza irabu mwishoni ili silabi zote ziwe wazi, silabi wazi ikiwa ni ile inayoishia kwa irabu. Kwa maneno mengine, mpishi asiyejua kusoma alikuwa na sikio sahihi zaidi la Kiingereza kuliko mwanafunzi wa sekondari aliyekariri tahajia ya neno hilohilo. Hukumu hii ni kali, lakini maneno yenyewe yanaithibitisha, na ni jambo la kusikitisha kwamba maarifa ya watu hao hayakuhesabiwa kuwa elimu wala hayakupewa nafasi katika vitabu vya shule.

Si kwamba sayansi ya matamshi haikuwapo. Daniel Jones wa London alichapisha kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917 na kitabu chake cha fonetiki mwaka uliofuata, fonetiki ikiwa ni taaluma inayochunguza jinsi sauti za lugha zinavyotolewa, zinavyosafiri na zinavyosikika, na ndani ya kazi hizo maneno yenye sauti zinazodondoka yalionyeshwa waziwazi. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baadaye vipindi vya shule vikawa sehemu ya utangazaji wa nchi. Hata hivyo redio ilileta sauti ya aina moja, nayo ni ile ya msomaji aliyekuwa na maandishi mbele yake na aliyeagizwa kutamka kwa uwazi na polepole, hivyo mwanafunzi wa Kisarawe aliyepata bahati ya kuisikiliza alisikia Kiingereza kilichorejeshewa sauti zake, si kile ambacho Mwingereza huzungumza na mwenzake mezani.

Uamuzi uliofunga mlango mwingine ulifanyika nchi jirani. Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, na mwelekeo uliotoka katika mkutano huo, ambao Robert Phillipson aliukosoa kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1992, ulikuwa kwamba Kiingereza kifundishwe vyema zaidi kwa Kiingereza pekee na kwamba mwalimu bora ni mzaliwa wa lugha hiyo. Kwa habari ya sikio, mwelekeo huo ulikuwa na hasara mbili. Walimu wazaliwa wa Kiingereza hawakuweza kamwe kutosha katika nchi yenye shule nyingi zinazoongezeka kila mwaka. Hasara ya pili ni kubwa zaidi: kukifukuza Kiswahili kutoka katika somo la Kiingereza kulimnyima mwalimu Mtanzania chombo pekee ambacho angeweza kukitumia kumweleza mwanafunzi, kwa mifano anayoijua toka utotoni, kwamba kudondosha sauti ni tabia ya kila lugha inayozungumzwa na watu.

Hapo ndipo Kibaha inapoingia katika historia hii kwa namna yake ya pekee. Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, ulijenga katika mapori ya Kibaha shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya ambacho baadaye kilikua kuwa hospitali ya Tumbi, kisha mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kwa miaka hiyo ya mwanzo, vijana wa Kitanzania walisomeshwa kwa Kiingereza na watu ambao wengi wao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kwanza. Wanaisimu wanafahamu kwamba Kidenmaki kinadondosha na kudhoofisha sauti kwa kiwango ambacho hata majirani zake wa Norway na Sweden hupata taabu kukifuata kinaposemwa, ilhali Kifini kinatamka kila silabi kwa ukamilifu na kinaandikwa karibu kama kinavyosemwa, hali inayokikurubisha sana na Kiswahili. Kituo kimoja kilikuwa kimekusanya, bila ya mtu kukusudia, mifano hai ya pande zote mbili za suala hili, yaani lugha zinazomeza na lugha zisizomeza, na mtafiti wa matamshi angeweza kufanya kazi ya maisha yake yote katika eneo hilo dogo. Mradi ulikuwa na shabaha nyingine, za kilimo, afya na sayansi, wala hakuna haki ya kuulaumu kwa kutofanya ambalo haukutumwa.

Kwa upande wa serikali, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuja pamoja na uamuzi wa kufundisha miaka yote saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, uamuzi ambao ulileta manufaa makubwa kwa taifa na ambao hauhitaji kutetewa tena hapa. Kiingereza kikabaki somo katika shule ya msingi na lugha ya kufundishia katika sekondari, na kwa hiyo mtoto wa Pangani, Mlandizi au Maneromango aliyeingia kidato cha kwanza alitakiwa ghafla kuisikiliza biolojia, jiografia na hesabu katika lugha ambayo sikio lake lilikuwa limeizoea kwa vipindi vichache vya juma. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti iliyosema bayana kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Walipima hasa kwa vifungu vya kusoma vyenye mapengo ya kujaza, na mradi wa msaada wa Uingereza uliofuata kuanzia mwaka 1987 uliweka uzito mkubwa katika kusambaza vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi. Vitabu hivyo vilihitajika. Lakini msomaji wa historia hii hawezi kukosa kuona kwamba ugonjwa ulipimwa kwa macho na dawa ikatolewa kwa macho, wakati mwanafunzi alikaa darasani saa nyingi kila siku akitegemea masikio.

Katika miaka hiyohiyo, nje ya Tanzania, kazi iliyohusu tatizo hili moja kwa moja ilikuwa imekwisha kuchapishwa na mtu aliyeifahamu Afrika Mashariki. Gillian Brown, mwanaisimu wa Kiingereza aliyechapisha mwaka 1972 uchunguzi wake wa mfumo wa sauti wa Kimasaaba, lugha ya Kibantu inayozungumzwa kwenye mitelemko ya Mlima Elgon nchini Uganda, alitoa mwaka 1977 kitabu kuhusu kusikiliza Kiingereza cha mazungumzo, ambamo alionyesha kwa mifano mingi jinsi sauti zinavyodondoka na kufanana na jirani zake katika usemi wa kawaida wa watu waliosoma, na jinsi wanafunzi kutoka nchi za nje wanaofika vyuo vya Uingereza na vyeti vizuri wanavyoshindwa kufuata mihadhara. Fundisho lake kuu, ambalo walimu wa Pwani wangelipokea kwa mikono miwili kama lingewafikia, ni kwamba mwanafunzi anapaswa kufundishwa kusikia umbo lililopunguzwa kama somo la peke yake, bila ya kulazimishwa kulitamka. Kusikia na kutamka ni stadi mbili zenye madai tofauti, na kuzichanganya ndiko kulikowafanya walimu wengi waliogope somo hili, wakidhani linawataka waige lafudhi ya Kizungu.

Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe hahitaji kwenda mbali kutafuta mlango wa kuliingilia somo hilo, kwa kuwa Kiswahili kimejaa udondoshaji ambao mwanafunzi anaujua bila kujua kwamba anaujua. Katika lugha nyingi za Kibantu, neno lenye maana ya njaa lina sauti l, kama vile enjala ya Kiganda na nzala ya Kisukuma, na Kiswahili kiliidondosha sauti hiyo kati ya irabu mbili, kikaacha irabu mbili zimekaa pamoja. Jambo la kupendeza ni kwamba l iliyodondoka vivyo hivyo katika vitenzi haikufa, bali imejificha, kwa sababu hurudi mara kitenzi kinaponyambuliwa, kunyambua kukiwa ni kuongeza viambishi mwishoni mwa kitenzi: nunua huwa nunuliwa, chukua huwa chukulia, zaa huwa zaliwa, kaa huwa kalia. Mtoto wa darasa la pili husema nunuliwa bila kufundishwa na mtu, maana yake ubongo wake umehifadhi sauti ambayo kinywa hakiitamki katika nunua, na huo ndio uwezo uleule anaouhitaji ili kuitambua t ya next pale isipotamkwa. Kiambishi mu- nacho kilipoteza u yake, kikaacha m peke yake katika mtu, mti na mgeni. Katika miliki za kindugu, baba yangu huwa babangu, mwana wangu huwa mwanangu, na mke wake huwa mkewe. Katika usemi wa kila siku ambao vitabu havikuuandika, nitakuja huwa ntakuja, sijui huwa sjui, na nimeshafika huwa nshafika, na vijana wa leo huyaandika maumbo hayo hivyohivyo katika ujumbe wa simu, wakifanya kwa vidole kazi ya kurekodi matamshi ambayo tahajia sanifu haikuikusudia.

Ulinganisho huo una mpaka wake, na mwalimu mwangalifu lazima auonyeshe, la sivyo mwanafunzi atapotoshwa. Kiswahili kinapodondosha irabu baada ya m au n, mara nyingi kinaihifadhi silabi, kwa maana kwamba m ya mtu na n ya ntakuja hubeba pigo zima la silabi, hata m ya mtu hupokea mkazo kwa kuwa ni silabi ya pili kutoka mwisho. Idadi ya mapigo hubaki kama ilivyokuwa, na sikio la Mswahili, lililozoea kuipa kila silabi muda unaokaribiana na wa mwenzake, halipotezi hesabu. Kiingereza huiondoa silabi pamoja na pigo lake, kwa sababu mwendo wake unaongozwa na silabi zenye mkazo, nazo nyingine hubanwa katikati yake kadiri nafasi inavyoruhusu, tofauti ambayo Kenneth Pike aliibainisha mwaka 1945. Kwa hiyo mwanafunzi wa Pangani anayesikiliza Kiingereza anatafuta mapigo ambayo hayapo, na kila pigo analolikosa humfanya adhani kwamba amepitwa na neno zima. Miliki za aina ya babangu, ambazo zinapunguza mapigo manne kuwa matatu, ndizo zinazokaribia zaidi hali ya Kiingereza, na kwa sababu hiyo zinafaa kuwa mfano wa kwanza ubaoni kuliko mtu au njaa.

Kuhusu kutamka, utafiti wa Jennifer Jenkins uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu mazungumzo ya watu wanaotumia Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza, unawapa walimu wa Afrika Mashariki faraja yenye msingi. Aliona kwamba kuongeza irabu ndogo ndani ya mkusanyiko wa konsonanti, kama Waswahili wanavyofanya, huharibu mawasiliano kidogo kuliko kuidondosha konsonanti yenyewe mwanzoni mwa neno, na kwamba maumbo dhaifu ya maneno madogo si ya lazima ili mtu aeleweke. Mtanzania anayetamka kila silabi ya vegetable anaeleweka vizuri kwa Mhindi, Mchina na Mnaijeria, ambao ndio wengi wa watu atakaofanya nao kazi, wala hapaswi kuchekwa. Shida iko upande wa kupokea peke yake, na huko ndiko nguvu zinapaswa kuelekezwa.

Kwa habari ya mitihani, Kenya imechukua njia inayostahili kutazamwa na Watanzania, ingawa ina upungufu wake. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne wa nchi hiyo ina sehemu ya stadi za mazungumzo, ambamo mtahiniwa huulizwa kuhusu herufi zisizotamkwa, maneno yanayotamkwa sawa na mahali pa mkazo, lakini majibu yote hutolewa kwa kalamu, bila ya mtu kusikia chochote. Hata hivyo swali la herufi isiyotamkwa humlazimisha mwalimu kulitaja jambo hilo darasani, na huko ni kupiga hatua. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi kuachana na mitihani ya Cambridge, limeendelea kukipima Kiingereza cha kidato cha nne kwa maandishi, na walimu, kama walimu wa nchi zote, hufundisha kinachopimwa.

Mbinu za darasani hazina gharama inayoweza kuishinda shule ya kata. Mwalimu anaweza kurekodi kwa simu yake sentensi fupi kutoka katika matangazo ya kawaida, si ya masomo, akaisikilizisha mara tatu, akawaacha wanafunzi waandike kila wanachokisikia hata kama ni vipande, kisha akaiandika sentensi kamili ubaoni na kuwataka wapige mstari chini ya kila herufi ambayo haikutamkwa. Imla ya aina hiyo, tofauti na imla ya zamani ambayo mwalimu alisoma neno moja moja kwa uwazi, haina lengo la kukamata makosa ya tahajia, bali inamfanya mwanafunzi aone kwa macho yake pengo lililopo kati ya karatasi na sikio, na baada ya sentensi kadhaa huanza kubashiri mwenyewe ni t ipi itakayodondoka na ni ipi itakayobaki. Pale mwalimu anapoweka sentensi ya Kiswahili cha mitaani pembeni ya sentensi hiyo, kwa mfano nshamwambia babangu ntakuja kesho, na kuwataka wanafunzi waiandike kwa ukamilifu, somo hueleweka kwa haraka zaidi, kwa kuwa wanagundua kwamba wamekuwa wakiifanya kazi hiyohiyo maisha yao yote.

Jambo linalohitaji kurekebishwa ni mgawanyo wa kazi uliorithiwa. Kitabu cha Massamba, Kihore na Msanjila kuhusu fonolojia ya Kiswahili sanifu, yaani taaluma ya jinsi lugha fulani inavyozipanga na kuzitumia sauti zake, kilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2004 kwa ajili ya sekondari na vyuo, na michakato ya udondoshaji imeelezwa na wanaisimu wa Kiswahili kwa istilahi safi ambazo mwanafunzi anaweza kuzishika. Maarifa hayo hukaa katika kipindi cha Kiswahili, na katika kipindi kinachofuata mwalimu wa Kiingereza huanza upya kana kwamba wanafunzi hawajui lolote kuhusu sauti, mara nyingi chini ya kanuni ya shule inayokataza Kiswahili kusikika katika somo lake. Kanuni hiyo ni mabaki ya fikra zilizotawala Makerere mwaka 1961, na imekwisha kupitwa na wakati. Walimu wa masomo haya mawili, kuanzia Minaki hadi shule changa za kata ya Pangani, wanapaswa kupanga kwa pamoja vipindi vyao vya matamshi, wakitumia istilahi moja na mifano ya lugha zote mbili, na wanaotayarisha mihtasari wanapaswa kuupa usikilizaji wa usemi wa kawaida nafasi yake ya wazi, pamoja na alama zake katika mtihani.